Walaji wa Sumu Chini ya Jembe

  

Kizota ya Dodoma inajulikana nchi nzima. Wenye siasa wanaijua kwa ule ukumbi ambamo CCM imefanyia mikutano yake mikuu. Wenye nafaka wanaijua kwa maghala ya NFRA, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula. Mazungumzo haya ya kilimo hayataingia ukumbini wala ghalani. Yatashuka chini, kina cha jembe moja hivi, kwenye udongo uliotoa hiyo nafaka.

Yanaanza na swali. Mkulima amenunua dawa ya magugu kwenye duka la pembejeo. Ameichanganya na maji, amebeba bomba mgongoni, amepuliza. Siku zimepita, magugu yamekauka. Je, ile dawa iko wapi sasa?

Wengi watajibu: imekwisha. Haya, imekwishaje?

Kiasi kidogo kimechomwa na jua. Kiasi kimenyonywa na mimea. Kiasi kimebebwa na maji ya mvua, ama kuelekea korongoni, ama kwenda chini. Kinachobaki kinakaa katika udongo, na hapo ndipo kinapokutana na wenyeji wa udongo huo: bakteria, viumbe wadogo ambao macho hayawaoni, lakini kijiko kimoja cha chai cha udongo hai kina mamilioni kwa mamilioni yao. Wengine hula mizizi iliyooza, wengine hula kinyesi cha ng'ombe. Na wamo wanaokula dawa ya magugu. Hao ndio wageni wetu wa leo.

Kabla ya kuwakaribisha, dawa zenyewe zifahamike, maana si zote zina tabia moja. Dukani zina majina mengi na chupa za rangi nyingi, lakini ukisoma maandishi madogo ya kibandiko utakuta mara kwa mara majina matatu. La kwanza ni glaifoseti, ile inayoua kila jani la kijani inaloliangukia. La pili ni 2,4-D, inayoua magugu ya majani mapana na kuacha nafaka. La tatu ni atrazini, ambayo hupulizwa kwenye mahindi, mtama na miwa.

Glaifoseti ikifika ardhini hushikwa na chembe za udongo, na kwa kawaida haisumbui mbegu ya msimu unaofuata. 2,4-D, udongo ukiwa na unyevu, hupungua nusu kwa siku kama kumi hivi. Atrazini ndiyo yenye ukaidi. Kupungua nusu tu kunaweza kuchukua miezi miwili, na udongo ukiwa mkavu, zaidi ya hapo. Mahindi na mtama haviumii nayo kwa sababu mimea hiyo ina uwezo wa kuivunja ndani ya majani yake. Maharage hayana uwezo huo. Alizeti haina uwezo huo.

Umeona tatizo linakokwenda? Mkulima wa uwanda huu wa kati hapandi zao moja daima. Mwaka huu mahindi, mwakani alizeti kwa sababu bei imekaa vizuri. Alizeti inaota vizuri, majani ya kwanza yanatoka, mkulima anafurahi. Kisha majani yanaanza kuwa ya njano pembeni, yanageuka kahawia, mche unakufa. Jirani anasema ni mchwa, mwingine anasema mbegu feki. Inaweza kuwa kweli. Lakini inaweza pia kuwa ni atrazini ya msimu uliopita, ambayo haizuii mbegu kuota. Kazi yake ni kuzuia jani lisitumie mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Mche huishi kwa akiba ya mbegu, na akiba ikiisha, umekwisha.

Sasa tuwaite wageni.

Habari kwamba udongo unakula dawa ya magugu si ya jana. Mwaka 1949, jijini London, mtaalamu wa mimea aliyeitwa L. J. Audus alikuwa akipitisha maji yenye 2,4-D kwenye udongo, tena na tena. Mwanzoni dawa ilipungua polepole. Baadaye ikaanza kutoweka kwa kasi, na alipoongeza nyingine, udongo uleule uliimaliza upesi zaidi. Jambo lililokuwa ndani ya udongo lilikuwa limejifunza, au tuseme, lilikuwa limeongezeka. Walikuwa bakteria. Waliokuwa na uwezo wa kuila 2,4-D walishiba, wakazaana, wakawa wengi kuliko wenzao.

Atrazini ilichukua muda mrefu zaidi. Iliingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, na kwa miaka mingi ilionekana kuwa udongo unaitafuna kwa shida sana. Kisha mwaka 1995 Raphi Mandelbaum na wenzake wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, akiwemo Lawrence Wackett, wakatangaza bakteria waliyemtoa kwenye udongo ambako dawa hiyo ilikuwa imemwagika. Walimwita Pseudomonas ADP. Huyu aliichukua atrazini akaivunja hatua kwa hatua. Kwanza huiondolea klorini, na kwa hatua hiyo moja tu sumu ya magugu inakuwa imekufa makali. Kisha huikata mikono yake ya pembeni. Mwisho huivunja pete ya katikati, ikabaki hewa ya ukaa na amonia, na amonia hiyo bakteria huitumia kama mbolea yake mwenyewe.

Msikilizaji, hapo pana jambo la kushangaza kidogo. Kimeng'enya kinachofanya ile hatua ya kwanza kinafanana mno na kingine kinachovunja melamini, kemikali ya viwandani. Vyote viwili vimejengwa kwa mnyororo mrefu wa vipande mia kadhaa, na vinatofautiana katika vipande tisa tu. Kwa hiyo bakteria hakuhitaji maelfu ya miaka kubuni silaha mpya. Alirekebisha kidogo ile aliyokuwa nayo, na ikatosha. Tena jeni zenye maelekezo ya kazi hiyo zimekaa kwenye kipande ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa jirani yake. Ujuzi unasambaa shambani bila semina.

Lakini huko ni Minnesota, mtu atasema. Theluji na trekta kubwa. Sisi je?

Jibu lipo karibu, magharibi mwa Kenya, katika mashamba ya miwa. Huko atrazini ilipulizwa mwaka baada ya mwaka. Profesa Zachary Getenga wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega, alishirikiana na watafiti wa Munich, Ujerumani, wakauchunguza udongo wa miwa. Njia yao ilikuwa rahisi kuielewa. Walichukua bakteria wa udongo huo, wakawaweka kwenye maji yenye chumvi muhimu, wakawanyima nitrojeni ya aina yoyote isipokuwa ile iliyofungwa ndani ya atrazini. Asiyeweza kuila hana chakula. Waliobaki ndio waliokuwa wakitafutwa.

Mmoja wao alikuwa wa jamii ya Arthrobacter, wakampa jina GZK-1. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Maabara ilionyesha kwamba ndani ya wiki chache bakteria huyu alikuwa amekwisha kuvunja asilimia 88 ya atrazini aliyowekewa kwenye maji. Hakuishia hapo: aliweza pia kuvunja terbuthailazini, dawa ya ukoo huo huo. Baadaye watafiti wa Kenya, Anastasiah Ngigi miongoni mwao, wakapata kwenye udongo wa miwa bakteria wa kuvunja heksazinoni, dawa nyingine ya mashamba hayo.

Turudie hilo kwa sababu ndiyo nguzo ya mazungumzo ya leo. Hakuna aliyewaleta bakteria wale kutoka Ulaya. Hakuna aliyewanunua. Walikuwa kwenye udongo wa Afrika Mashariki, wakazoea dawa kwa sababu walilishwa dawa miaka mingi, na wanasayansi walikwenda tu kuwaokota.

Furaha ya mwanasayansi, hata hivyo, inaweza kuwa hasara ya mkulima. Mahali ambapo atrazini hutumika kila mwaka, udongo huzoea kuila haraka kiasi kwamba dawa inakwisha kabla magugu hayajakwisha kuota. Wakulima wa mahindi wa Marekani wameliona hilo. Mtu anaongeza kipimo, akidhani dawa imechakachuliwa, kumbe ni walaji wake walioongezeka. Kwa hiyo anayepuliza dawa ileile kila msimu anajitafutia matatizo mawili kwa mpigo: magugu yaliyozoea na bakteria waliozoea.

Basi turudi Dodoma. Hapa mambo yanabadilika, na sababu yake kila msikilizaji anaijua: mvua.

Mwaka mzima Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 hivi, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo, kiangazi. Miezi saba au minane ardhi inapasuka, majani yanakuwa vumbi. Bakteria huishi kwenye utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo. Utando ukikauka, hawawezi kusogea, hawawezi kula, wengi hufa na waliobaki hulala. Kimea cha mtama kikikaa kikavu kwenye kapu hakiwi pombe hata kikikaa mwaka, kinasubiri maji. Na dawa iliyobaki kwenye udongo mkavu nayo inasubiri.

Ndiyo maana hesabu iliyoandikwa kwenye vitabu vya nchi zenye mvua, kwamba dawa fulani huisha kwa siku kadhaa, haifai kuletwa Kizota ikiwa nzima. Dawa iliyopulizwa Januari mvua zikiwa zimeshika inapata walaji. Dawa iliyopulizwa kwa kuchelewa, mvua ikakatika mwezi Machi, inalala kiangazi kizima pamoja na walaji wake, na Desemba wote wanaamka siku moja na mbegu ya alizeti.

Kitu cha pili ni chakula. Mtu atauliza: si wanakula dawa? Ndiyo, lakini dawa iliyotawanyika shambani ni kidogo mno kumlisha bakteria na kumzalisha. Anahitaji mlo wa kila siku, yaani mabaki ya mimea, samadi, mboji. Udongo mwekundu wa kichanga wa sehemu nyingi za Dodoma una mboji kidogo sana. Mabua ya mtama yaliyopaswa kuoza yameliwa na ng'ombe, au yamechomwa, au yamejengea uzio. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ng'ombe naye lazima ale. Lakini udongo umebaki na njaa.

Maji na chakula. Hivyo viwili ndivyo vinavyopungua Dodoma, wala si bakteria.

Na hapa ndipo mazungumzo haya yanapokutana na muuzaji wa chupa. Siku hizi kuna bidhaa nyingi zinazodai kuwa na vijidudu hai vya kurutubisha udongo, kusafisha udongo, kuamsha udongo. Baadhi ni nzuri. Rizobia, kwa mfano, bakteria wanaoipatia jamii ya kunde nitrojeni, wanajulikana miaka mingi. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kiliwahi kutengeneza pakiti zake zilizoitwa Nitrosua. Mkulima anapaka kwenye mbegu ya soya, anapanda. Lakini rizobia wana bahati. Mzizi wa soya unawajengea vinundu, wanakaa ndani wakilishwa sukari na kukingwa na ukavu. Mla atrazini hana wa kumjengea. Anaachwa wazi kwenye jua la Dodoma, katikati ya bakteria wenyeji wanaogombea tonge lilelile na viumbe wengine wanaomla yeye mwenyewe.

Kuanzia mwaka 2009, mradi wa utafiti wa kilimo ulipima bidhaa za namna hii zilizokuwa zikiuzwa kwa wakulima Ethiopia, Kenya na Nigeria. Zilikuwa zaidi ya 100. Zilizoonyesha faida ya kuaminika zilikuwa chache. Hilo ni neno la kukaa nalo kichwani ukiwa dukani.

Na Dodoma ina kumbukumbu yake ya suluhisho lililoletwa bila kuuliza udongo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yalikuja, visiki vikang'olewa, fedha nyingi mno zikamwagwa. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa kiangazi ukawa mgumu hata karanga zikawa hazichimbiki, mvua zikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Wagogo wa Kongwa walikuwa wakiujua udongo huo siku zote.

Je, basi hakuna mahali ambapo bakteria waliopelekwa na binadamu wamefanya kazi? Pako, lakini tazama walivyopelekwa. Watafiti wa Munich waligundua kwamba bakteria wakiwekwa kwanza ndani ya vijipande vya udongo wa kuchoma, vyenye matundu matundu, huishi shambani na kufanya kazi vizuri kuliko wakimwagwa peke yao. Matundu yale yanawapa hifadhi na unyevu. Na huko South Dakota, Marekani, palipomwagika atrazini nyingi mahali pamoja, kikundi cha Wackett hakikupeleka hata bakteria hai. Walipeleka bakteria waliokwisha uawa lakini waliojazwa kile kimeng'enya cha kwanza, wakaongeza fosfeti kuwaamsha wenyeji. Kwa wiki nane, sehemu zilizopata vyote viwili zilipungukiwa atrazini kwa asilimia 77. Ripoti ilitoka mwaka 2000. Hata pale wageni walihitaji wenyeji walishwe.

Kwa hiyo mkulima wa Mbabala, hapa Dodoma, afanye nini, msimu huu, kwa fedha aliyonayo?

Aanze na kile ambacho Dodoma yenyewe imekwisha kubuni. Wengi mmesikia mashimo ya Chololo, yaliyopewa jina la kijiji cha hapa hapa kwetu. Ni vishimo vya kina cha futi moja hivi, vinachimbwa kwa mistari wakati wa kiangazi, vinawekwa samadi, majivu na mabaki ya mimea, kisha udongo uliotoka unapangwa upande wa chini wa mteremko ili maji yasikimbie. Mbegu hupandwa humo. Vilibuniwa kwa ajili ya kuokoa mtama na uwele mvua inapokatika. Ukitazama kwa jicho la bakteria, kila shimo lina vitu viwili walivyokuwa wakivililia: maji yanayodumu siku kadhaa baada ya mvua, na samadi. Mradi wa kijiji cha mfano cha Chololo, uliosimamiwa na Chuo cha Mipango cha Dodoma kuanzia mwaka 2011, uliwahimiza wakulima kutumia mashimo hayo pamoja na matuta ya kukinga maji na mbolea ya samadi. Asiyeweza kuchimba mashimo ekari nzima, maana ni kazi ya kuvunja mgongo kweli, aanze na kipande anachokusudia kukibadilisha kutoka mahindi kwenda alizeti au maharage.

Samadi iwe imeiva. Na mabua yasichomwe yote.

Kuna jambo dogo kuhusu urea. Yule mla atrazini anaipenda atrazini kwa sababu ya nitrojeni iliyomo. Ukimmwagia nitrojeni rahisi kando yake, bakteria wengi wa aina hiyo hupunguza kazi ya kuvunja dawa. Mtu asiache kuweka mbolea kwa sababu ya bakteria, hilo lingekuwa kichekesho. Aiweke kwa mafungu, karibu na shina, badala ya kuitapanya shamba zima.

Sasa mahali penye sumu nyingi kuliko shamba lote. Unapafahamu? Ni pale unapojaza bomba. Chini ya mwembe, kando ya kisima, nyuma ya nyumba. Pale dawa hudondoka ikiwa haijachanganywa, bomba huoshwa, maji ya kuoshea humwagwa, mwaka baada ya mwaka kwenye mita mbili zilezile. Wasweden waliliona hili mapema. Mwaka 1993 walianza kujenga vitanda vya bakteria: shimo lililojazwa majani makavu ya ngano nusu, mboji ya kinamasi robo na udongo robo, vikachanganywa, vikaoteshwa nyasi juu. Bomba hujazwa na kuoshewa juu yake. Majani yanapooza hulea fangasi na bakteria wenye uwezo wa kuvunja kemikali ngumu, na mchanganyiko wote hushika dawa isikimbilie majini. Wazo hilo limefika hata Guatemala, ambako vitu vya mchanganyiko vimebadilishwa kufuata vinavyopatikana. Hapa mabua ya mtama yaliyokatwakatwa yapo, mboji ya samadi ipo, udongo upo. Kinachotakiwa ni kukichimba kitanda mbali na kisima, kukinyunyizia maji kiangazi kisikauke, na kuwazuia kuku na watoto.

Kwa nini mbali na kisima? Hapa msikilizaji wa mjini naye atege sikio. Maji mengi ya jiji la Dodoma yanatoka visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Mwaka 2013 Richard Taylor wa chuo kikuu cha University College London na wenzake, wakiwemo wataalamu wa maji wa Tanzania, walichapisha uchambuzi wa vipimo vya miaka 55 vya bonde hilo. Waligundua kwamba maji ya chini ya ardhi hayaongezeki kidogo kidogo kila mwaka. Yanajazwa na misimu michache ya mvua kubwa mno, mara nyingi ile ya El Niño. Mvua ya kawaida inaishia kwenye mizizi na jua. Mvua kubwa ndiyo inayoshuka hadi visimani. Na mvua kubwa haichagui cha kubeba: atrazini iliyokuwa imelala juu kwa sababu bakteria walikosa maji itashuka nayo. Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2004 kuiondoa atrazini sokoni kwa sababu ilikuwa ikikutwa kwenye maji ya ardhini. Makutupora haijatajwa hapa kutisha mtu. Imetajwa kwa sababu tabaka la juu la udongo, lile lenye walaji, ndilo kizuizi kilichopo kati ya bomba la mkulima na bomba la jikoni.

Kuna sehemu bakteria hawawezi, na ni vizuri kuzitaja waziwazi.

Hawawezi mrundikano. Pale Vikuge, Kibaha, mkoa wa Pwani, viuatilifu vilivyotolewa msaada na Ugiriki mwaka 1986 vilihifadhiwa kwenye banda la shamba la serikali. Banda likaporomoka. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Profesa Michael Kishimba, walikwenda miaka mingi baadaye wakaukuta udongo bado umejaa DDT na ndugu zake. Hizo ni dawa za wadudu, ngumu kuliko za magugu, na zilikuwa nyingi mno mahali pamoja. Pa namna hiyo panahitaji serikali, magari na mavazi ya kujikinga. Samadi haitoshi.

Hawawezi upepo. Wakulima wa zabibu mnalijua hili, na kama hamlijui, lisikilizeni vizuri: mzabibu ni mmoja wa mimea inayoumizwa upesi sana na 2,4-D. Jirani akipuliza mtama wake saa saba mchana upepo ukivuma, matone yanafika Makutupora au Hombolo kwenye majani yako, nayo yanajikunja na kuwa membamba kwa mishipa iliyobanana. Dawa iliyo hewani haijafika kwa bakteria. Hapo dawa yake ni kuzungumza na jirani, na kupuliza alfajiri pakiwa kimya. Ukitaka kuhakiki kama chupa uliyouziwa imesajiliwa, TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyochukua nafasi ya TPRI baada ya sheria ya mwaka 2020, ndiyo inayohusika.

Sasa la mwisho, na hili chukua kalamu. Utajuaje kama udongo wako umekwisha kula atrazini ya mwaka jana? Maabara ni ghali, lakini maharage ni rahisi.

Wiki nne au tano kabla ya kupanda, chota udongo wa juu, kina cha kiganja, kutoka sehemu saba au nane za shamba lililopulizwa. Changanya. Chota mwingine mahali pa jirani ambapo udongo ni wa aina ileile lakini hapajawahi kupulizwa, pembeni mwa njia ya ng'ombe kwa mfano. Weka kila udongo kwenye makopo yake mawili au matatu yaliyotobolewa chini. Panda maharage matano kila kopo, mwagilia sawasawa, weka juani. Usiharakishe kuhukumu wiki ya kwanza, maana atrazini huruhusu mbegu kuota. Ngoja wiki tatu. Majani yakiwa kijani kote, panda alizeti yako. Majani ya udongo uliopulizwa yakianza kuwa ya njano pembeni huku ya upande wa pili yakiwa mazima, msimu huu shamba hilo lipewe mtama au mahindi, liwekwe samadi, lisipulizwe atrazini tena, na kipimo kirudiwe mwakani. Jaribio hili halifai kwa glaifoseti, kwa kuwa hiyo imeshikwa na udongo na mizizi haiioni.

Aliyechelewa kuandika amuulize afisa ugani wa kata yake. Ni kipimo wanachokielewa.

Mazungumzo yajayo yatakuwa kuhusu kiduha, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mtama kutoka chini kabla hata halijaonekana juu. Mwenye swali la kiduha alitume mapema.